Siondoki Mamboleo

Mamboleo, Kisumu,
Jumapili, 9 Machi 1975.

Kwa dada yangu Nasambu, Mama Nabututu,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani, na ninaomba zikukute ukiwa mzima, wewe na kila anayekula katika jiko lako. Mguu wako ule uliokuwa ukivimba umepona? Na Nabututu je, bado ana ubishi wake wa zamani, au shule imemtuliza? Mvua imeanza huko Kimilili? Hapa kwetu mawingu yanakusanyika juu ya ziwa kila alasiri, yananguruma kidogo, kisha yanaondoka na mvua yake. Joto ni lile lile uliloliacha. Gakenia sasa ni msichana wa darasa la nne, kimo chake kinakaribia bega langu, na bado anakumbuka kwamba ulikuwa ukimfichia ukoko wa ugali. Wote wawili hatujambo kwa mwili.

Kwa mwili, nasema. Moyoni nina hasira, Nasambu, na nakuomba unisamehe mapema, kwa sababu barua hii haitakuwa ya upole. Nimeianza mara kadhaa kwa maneno mazuri ya kanisani nikaichana. Leo nimeamua kuiandika jinsi mambo yalivyo. Keti kwanza. Isome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote neno, hata aliye karibu nawe.

Kangethe alirudi. Ndiyo, Zachariah Kangethe, mume wangu wa pete na wa kanisani. Alikuja mwaka jana katikati ya mchana, mimi nikikaanga mandazi katika hoteli yangu pale njia panda, na madereva wa malori ya mkaa wakinywa chai yao. Alikuwa na kofia mpya na shingo imenenepa. Nduguye Kinyua alikuwa nyuma yake, amebeba mkoba kama karani. Kangethe aliketi kwenye benchi, akaagiza chai, akaitazama nyumba yetu ng'ambo ya barabara, mabati, kuta, mlango, akahesabu na vyumba kwa macho. Gakenia alipita mbele yake na ndoo ya maji, na yeye hakugeuza kichwa. Mtoto akaniuliza kama huyo ni mteja mpya.

Alipomaliza chai aliniambia kwa sauti ya chini, kwa Kikikuyu ili wateja wasisikie, kwamba amefungua kesi ya talaka kortini hapa Kisumu. Alisema nyumba itauzwa kwa sababu amepata mnunuzi, mtu wa duka la jumla mjini, na kwamba mimi nianze kutafuta pa kwenda. Kisha akaongeza kwamba yeye si mtu mbaya, atanipa muda. Atanipa muda! Kama mwenye nyumba anayemhurumia mpangaji. Nilimwambia avue kofia akiwa mahali pangu pa kazi. Nilimwambia pia kwamba mimi siondoki Mamboleo, ampelekee mnunuzi wake salamu hizo. Na chai nikamlipisha kama mteja yeyote.

Wewe uliijua ile nyumba tangu ilipokuwa matope. Ulikuwa mpangaji wetu katika chumba cha upande wa barabara, ukaniona nikikanda udongo kwa miguu mimba ikiwa tumboni, na Kangethe akiwa amesimama kando anaongea na watu. Ploti iliandikwa jina lake kwa sababu karani aliuliza jina la baba wa nyumba, na mimi sikuona ubaya wowote. Tulikuwa mume na mke. Nani angekaa anafikiria habari ya majina? Maji ya kukandia niliyabeba mimi. Mabati yalitoka katika mandazi. Baada ya ninyi kuondoka niliweka sakafu ya simiti, nikapiga lipu, nikaongeza chumba kimoja nyuma na choo cha maana. Kila mfuko wa simiti niliununua mwenyewe, yeye akiwa hayupo.

Na huko kutokuwepo kwake ndiko kunakonichoma, kwa hiyo lazima nikueleze, kwa sababu wewe ulikuwa umeshahamia Kimilili na mengi hukuyaona. Ulisikia tu kwamba mwaka wa sitini na tisa kulikuwa na vurugu hapa Kisumu na kwamba sisi Wakikuyu, watu wa Mkoa wa Kati, tulikuwa na hofu. Hofu ni neno dogo. Maduka ya watu wetu yalifungwa, wengine wakapakia vitanda juu ya malori, wengine wakaacha hata sufuria motoni. Asubuhi moja Kangethe aliniambia nikae ndani na mtoto, yeye aende kututafutia lori, atarudi kabla ya chakula. Alivaa koti lake la harusi. Nilishangaa mtu anatafuta lori kwa koti la harusi, lakini sikuuliza.

Nasambu, chakula kilipoa. Jioni Rosa Aoko, yule jirani yetu muuza samaki, alikuja akamchukua Gakenia mgongoni bila kuniuliza, akaniambia nimfuate. Tulilala kwake muda mrefu, kitanda kimoja, mtoto katikati yetu. Mumewe, Walter Ochieng, alilala nje kwenye mlango wa nyumba yangu akiwa na panga. Watu walipokuja kuuliza mali ya yule Mkikuyu, aliwaambia kwa Kijaluo kwamba hapo hakuna mali ya Mkikuyu, waende zao. Na wakaenda. Tangu siku hizo nimewaheshimu wale watu wawili kuliko ndugu zangu wa damu. Hilo ulikumbuke ukiendelea kusoma.

Mambo yalipotulia nilirudi nyumbani kwangu, nikawasha moto, nikaanza tena kukaanga mandazi. Wateja walirudi, mmoja mmoja, wakaniita Mama Gakenia kama zamani. Kangethe hakuleta neno. Nilimlilia kama maiti. Halafu baada ya mwaka mzima na zaidi, Kinyua akapita hapa akaniambia kwamba nduguye yuko Nakuru, ana kibanda cha viazi, na kwamba ananiita nimfuate. Nilifurahi kama mjinga. Nilipanda treni na mtoto, tukafika Nakuru asubuhi tukiwa na vumbi na furaha, nikaulizia mpaka nikaonyeshwa mlango. Aliyefungua ni mwanamke mmoja aitwaye Magdalene, mimba yake imefika hapa, amevaa kandambili za mume wangu. Alinikaribisha vizuri, maskini, akidhani mimi ni dada yake Kangethe, kwa sababu ndivyo alivyokuwa ameambiwa. Tulikunywa uji wake. Sikumwambia mimi ni nani. Tuliondoka kabla mwenye kandambili hajarudi, tukapanda treni ya kurudi.

Sasa sikia alichokiandika kortini mtu huyo. Aliandika kwamba mimi ndiye niliyemwacha. Kwamba yeye kama mume alihamia Nakuru kutafuta riziki, akaniita, mimi nikakataa kumfuata kwa ukaidi, nikashikilia nyumba yake na kuikalia bila haki. Mtu aliyetoroka akaniacha na mtoto katikati ya mawe anasema nilimtoroka mimi! Wakili mmoja Mhindi aliyekubali kunisikiliza alinieleza kwamba sheria inaweza kulitazama jambo hivyo, kwa kuwa mke hutakiwa kukaa alipo mume. Akaniuliza jina langu limeandikwa wapi kuhusu ile nyumba. Nikamwambia halijaandikwa popote, ila kila ukuta una alama za mikono yangu. Akanitazama kwa huruma, akasema korti haisomi kuta.

Nilikwenda kwa mchungaji. Nilidhani yule aliyetufungisha pingu za maisha atasema neno. Alinishauri niwe mnyenyekevu, niende Nakuru nikaombe msamaha, pengine mume atalainika, na kwamba nyumba ya kweli iko mbinguni. Nilimuuliza kama na yeye ile nyumba yake ya mawe iliyo nyuma ya kanisa anaweza kuiacha leo akangojea ya mbinguni. Tangu siku hiyo hanisalimii kwa mkono. Kinyua naye alinitumia ujumbe kwamba kwa desturi zetu mwanamke hana ploti, akiachwa anarudi kwa baba yake. Baba yangu alikufa nikiwa msichana, na kakangu ana wake wawili katika kipande cha shamba kisichotosha hata kuku. Nirudi wapi? Wapangaji wangu walianza kunong'ona juu yangu. Mmoja alihamia Migosi, akisema hataki kujikuta analala nje kwa ajili ya ugomvi wa mke na mume.

Sitakuficha kwamba niliogopa. Kulikuwa na siku nilikuwa nikikata unga wa mandazi nikajikuta nimesimama naitazama ile nyumba, nafikiria nikiondolewa nitabeba nini. Mlango nitaubeba? Sakafu nitaibeba? Nilimkuta Gakenia amefunga vitabu vyake na nguo zake katika shuka, ameviweka chini ya kitanda. Nilipomuuliza alisema anajitayarisha. Mtoto wa miaka tisa anajitayarisha kufukuzwa na baba yake! Nilifungua ule mzigo nikavirudisha vitu vyake kimoja kimoja ukutani na mezani, kwa hasira, si kwa hofu tena.

Siku ya kwanza ya kesi korti ilijaa. Kangethe alisimama na koti jipya. Alizungumza vizuri, unamjua, ulimi wake hauna mifupa anapojitetea. Alisema yote niliyokueleza, kisha akaongeza jambo ambalo hakuwa amelisema popote. Alisema sababu ya mimi kukataa kumfuata Nakuru ni mwanamume. Hakimu akamuuliza mwanamume gani. Akanyoosha kidole mpaka mwisho wa ukumbi, akasema ni yule pale, Walter Ochieng, jirani, ambaye tangu vurugu amekuwa akilala kwenye nyumba yake yeye Kangethe.

Niliona giza. Lakini kabla karani hajasema kitu, Rosa alikuwa ameshasimama, na hakuna aliyemwita. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Bwana jaji, mimi ndio bibi ya huyu Ochieng. Huyu mama alilala kwangu, kitanda moja na mimi, mtoto kati. Bwana yangu alilala inje kwa mlango, kwa baridi, na panga. Ni mimi nilimtuma. Sasa hiyo mapenzi walifanya saa ngapi?" Watu walicheka mpaka askari akagonga rungu lake. Hakimu alimwamuru Rosa akae, lakini naye alikuwa anajizuia kucheka. Akasema kwa kuwa Ochieng ametajwa, basi naye atasikilizwa.

Nilidhani tumeshinda. Nilirudi nyumbani nikimshika Rosa mkono njia nzima. Yeye alikuwa kimya. Nilifikiri ni uchovu.

Ochieng aliposimama mbele ya hakimu hakujitetea juu ya uzinzi hata kidogo. Unamkumbuka, si mtu wa maneno. Alisema kwamba ataulizwa hayo baadaye, ila kwanza korti imuulize Kangethe jambo moja: hiyo nyumba anayotaka kuiuza ni ya nani? Kangethe akasema ni yake, jina lake liko kwenye ploti. Ochieng akasema si kweli. Akasema nyumba hiyo Kangethe alimuuzia yeye, Ochieng, mwaka wa sitini na tisa, siku ile ile aliyokimbia.

Siku ile ile, Nasambu. Mimi nikiwa ndani nampikia.

Ochieng alieleza kwamba Kangethe alimfuata pale alipokuwa anapakia samaki, akiwa katika koti lile, anatetemeka. Alimwomba amtafutie nafasi katika lori la samaki liendalo Nakuru, na kwamba akimpa hiyo nafasi pamoja na baiskeli yake, nyumba na ploti zitakuwa za Ochieng. Baiskeli ile nyeusi, Nasambu, ambayo Ochieng alikuwa akiipakia samaki kuwapeleka mpaka Kisian! Miaka yote hii nimemwona akitembea kwa miguu na kapu kichwani, na nilipomuuliza alisema iliibiwa katika vurugu. Ochieng alimuuliza Kangethe kuhusu mke na mtoto. Kangethe akasema watafuata. Wakapeana mikono mbele ya dereva, baiskeli ikarushwa juu ya makapu ya samaki, lori likaondoka.

Kangethe alicheka. Alisema huo ni uongo wa mtu anayemlinda hawara wake, na kama kuna ushahidi uletwe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alimchafua Ochieng mapema, ili siku Ochieng atakapofungua mdomo pasiwe na wa kumwamini. Hakimu akauliza dereva huyo yuko wapi. Ochieng akasema yuko, atamleta, apewe muda. Kesi ikaahirishwa.

Sasa, dada, hii ndiyo sababu nilikuambia uketi.

Dereva wa lile lori alikuwa Walubengo, mume wako.

Wewe ulikuwa umehamia Kimilili na watoto, lakini yeye alibaki huku akiendesha lori la samaki mpaka mwisho wa mwaka ule, unakumbuka. Ochieng alimfuata Bungoma kwenye ghala anakopakia mahindi, akamkuta. Ile safari aliyokuambia anakuja Kisumu kutafuta gia ya lori, hakutafuta gia yoyote. Alikuja kusimama kortini. Alivaa shati jeupe, nadhani ni wewe uliyelipiga pasi bila kujua linakwenda wapi.

Alisema kweli yote. Alisema aliona mikono ikipeanwa na akasikia maneno ya nyumba. Halafu hakimu akamuuliza kama kulikuwa na nafasi ya watu wengine katika lori. Walubengo akasema nafasi ilikuwepo. Akasema walipofika Mamboleo lori lilipita mbele ya nyumba, na mimi nilikuwa mlangoni nimembeba Gakenia, natazama barabara. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akamuuliza Kangethe asimamishe? Kangethe alijifunika turubai kichwani na kumwambia aendeshe. Na yeye akaendesha.

Nasambu, mimi nililiona lile lori! Nilimwona Walubengo kwenye usukani, nikainua mkono kumsalimu, nikijiambia kwamba afadhali kuna mtu tunayemfahamu bado anafanya kazi. Alinipungia mkono.

Pale kortini Kangethe hakucheka tena. Alisema alikuwa na hofu, kila mtu alikuwa na hofu. Hilo silikatai. Hofu ningeielewa, ningeisamehe hata kesho, kama angerudi akasema niliogopa nikakimbia. Lakini mtu ameuza nyumba mke na mtoto wakiwa ndani yake, kisha anarudi kuiuza mara ya pili, na mara hii anataka korti imsaidie kututoa! Hakimu alivunja ndoa, na mimi nikaitikia amina kwa sauti mpaka nikaonywa. Kuhusu nyumba alisema hawezi kumpa Kangethe kitu alichokwisha kukitoa mwenyewe kwa hiari yake, na kwamba jina lililo kwenye ploti libadilishwe. Kangethe alitoka na Kinyua kwa mlango wa upande. Gakenia hakumuulizia, wala yeye hakumtafuta.

Unadhani nilishangilia? Watu walinishika mikono, wakanipongeza. Mimi nilikuwa nasikia neno moja tu kichwani, kwamba mwaka mzima nimehangaika nisiipoteze nyumba ambayo nilishaipoteza miaka mitano iliyopita. Sakafu ile niliiweka katika nyumba ya Ochieng. Lipu niliipiga katika nyumba ya Ochieng. Na watu wazima watatu walijua, wawili wao wakanisalimia kila siku.

Nilikwenda kwa Rosa siku hiyo hiyo, sikubisha hodi. Alikuwa anaanua dagaa wake wa omena uani. Nilimuuliza kwa nini. Sikumuuliza kwa heshima. Nilimuuliza kama Ochieng alipolala pale mlangoni na panga alikuwa ananilinda mimi au analinda mali yake. Majirani walitoka kutazama. Rosa aliweka ungo chini, akanitazama usoni. "Mwanzo tulitaka nyumba," akasema. "Nisikudanganye, Mama Gakenia. Tulisema utaenda kwenu, sisi tuingie. Lakini wewe hukuenda. Ulikuwa unalala kwangu, mtoto anashika nguo yangu. Ningekuambia toka kwa mdomo gani?" Akasema kila mwezi walikuwa wakisema wataniambia, na kila mwezi nilikuwa nimeongeza kitu, mara simiti, mara chumba, na aibu ikazidi kuwa kubwa kuliko nyumba.

Nililia kwa hasira, naye akalia, lakini hatukukumbatiana, usidhani. Nilimwambia huruma ya kunificha ni dharau. Nilimwambia kwamba walinipenda kama mtu anavyopenda mgonjwa asiyeweza kuambiwa ugonjwa wake. Akasema ni kweli. Akasema basi nikae tu, nyumba ni kama yangu, hakuna atakayenitoa maisha. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi ya yote. Kama yangu! Nimechoka na kama yangu. Kwa Kangethe ilikuwa kama yangu. Nikamwambia aniitie mumewe.

Tulizozana siku kadhaa, mimi, Rosa na Ochieng, mara kwangu, mara kwao, na safari moja katikati ya barabara mpaka lori likapiga honi. Nilichotaka kilikuwa kimoja: niwarudishie walichotoa, na nyumba iwe yangu kwa jina. Ochieng alisema thamani imepanda. Nikamwambia aliyeipandisha ni mimi. Mwishowe tulikubaliana kwamba watapata kile kipande cha nyuma ya nyumba yangu Rosa anapoanikia omena, kiwe chao kabisa, na mimi nitarudisha baiskeli.

Nilikwenda mjini kwenye duka la baiskeli nikachagua nyeusi, mpya, yenye kiti cha nyuma cha chuma cha kupakia mizigo. Sijui kuendesha. Niliisukuma kwa miguu kutoka mjini mpaka Mamboleo katika jua lile la saa saba, watu wakinipigia kelele nipande, wengine wakiniuliza nimemnunulia bwana gani. Niliwajibu kwamba nimenunua nyumba. Ochieng aliipokea. Alizungusha gurudumu, akaigusa kengele. Kesho yake alikuwa njiani kwenda Kisian na samaki wake.

Tulipokwenda ofisini kubadilisha jina, karani aliuliza jina la baba wa nyumba, kama yule wa zamani. Nikamwambia baba wa nyumba hayupo, aandike Rahab Wanjugu. Akainua uso akaniuliza jina la mume liende wapi. Nikamwambia aache hapo wazi. Rosa alikuwa nyuma yangu, akamwambia, "Andika, kijana, huyu mama hana mchezo." Akaandika. Ochieng akaweka sahihi yake. Sijui kama nitawahi kuwaamini tena kama zamani. Lakini jana Rosa aliniletea samaki wawili wa ngege, nikawapokea, na sahani sikuirudisha tupu.

Amebaki Walubengo. Baada ya kesi alinisubiri nje ya korti. Hakuweza kunitazama. Alisema tangu siku ile kila akipita Mamboleo anaongeza mwendo. Alisema alitaka kukuambia mara nyingi na akashindwa, kwa sababu wewe na mimi tulikuwa tukila sahani moja, na alijua utamuuliza kwa nini hakusimama. Akaniomba mimi nikuandikie. Nilimwambia nitaandika, na kwamba sitampunguzia wala kumwongezea. Kwa hiyo hayo ndiyo niliyoyasikia na kuyaona, sijaongeza chumvi.

Ukitaka kujua msimamo wangu, ni huu. Sijamsamehe. Ninamshukuru pia. Angeweza kukataa kuja, hakuna ambaye angemlazimisha, na mimi leo ningekuwa nje na mzigo wa Gakenia kichwani. Hayo mawili yote ninayo na sioni haja ya kuchagua. Wewe mkasirikie, anastahili. Mpigie kelele mpaka majirani watoke, mimi nimekupa ruhusa. Lakini usimwambie afungashe nguo zake aende. Nimeona jinsi mtu anavyokaa akingojea kufukuzwa, na simtakii mtu yeyote, hata yeye.

Nisalimie Nabututu na wadogo zake, na mama mkwe wako kama bado ananikumbuka. Mwambie Walubengo kwamba nimeandika. Gakenia anakusalimu sana, anasema ukija usisahau mtama ule mwekundu wa huko kwenu wa kusagia uji. Kile chumba chako cha upande wa barabara nimekipaka chokaa, hakina mpangaji, na sitampa mtu mpaka uje ukilale. Ukishuka kwenye basi hapa Mamboleo, uliza nyumba ya Rahab. Usiulize ya Kangethe, kwa maana utazungushwa mpaka jioni. Hapa hakuna anayeijua nyumba yenye jina hilo.

Ni mimi dada yako,

Rahab Wanjugu.